Programu moja, kompyuta tatu, majibu matatu: tatizo ni CMake au ni sisi tunaopanga ujenzi?

#1 MwanaKikoba
Wakuu, habari za jioni.

Nina programu huria ndogo ya C++, daftari la kikoba. Inaweka hisa, mikopo na faini, na data zote zinakaa kwenye SQLite, maktaba ndogo ya hifadhidata. Niliiandika kwa ajili ya kikoba cha mama yangu hapa Morogoro. Nilipoiweka hadharani vikundi vingine vikaichukua, na wachangiaji wawili wakajitokeza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Mimi natumia Ubuntu 24.04 (Linux) na Makefile yangu, faili la maelekezo ya kujenga programu. Mchangiaji wa kwanza ana Mac, akaleta CMakeLists.txt, maelekezo ya zana ya ujenzi iitwayo CMake. Wa pili yuko Windows, akaleta faili la mradi la Visual Studio. Kwangu kila kitu kinajengeka. Kwenye Mac inakwama hatua ya kuunganisha, inalalamika haioni sqlite3_load_extension, kipande cha SQLite cha kupakia viendelezi. Mtu mwingine mwenye CMake mpya anasema inagoma tangu mstari wa kwanza. Windows inajengeka bila neno, lakini salio la kikundi kimoja linasomeka -19,549,672.96 wakati daftari la karatasi lina 23,400,000.

Naanza kuamini kwamba mtu mmoja hawezi kutunza programu ya C++ kwenye mifumo mitatu. Nibaki na Linux tu? Shida ni kwamba akina mama wa vikoba karibu wote wana Windows.

#2 Fundi_wa_Kinondoni
Mkuu, una maelezo matatu ya ujenzi wa programu moja. Hilo ndilo gonjwa lenyewe. Kila ukiongeza faili la .cpp unapaswa kukumbuka kuliandika sehemu tatu. Chagua moja, futa mbili, kisha urudi hapa.

#3 Kaskazini_254
Naungana na #2. Na mwenye CMake mpya shida yake naijua. Fungua CMakeLists.txt uangalie mstari wa juu, cmake_minimum_required. Naamini mmeandika 2.8. CMake 4.0 iliyotoka Machi 2025 iliacha kabisa kubeba miradi inayotangaza chini ya 3.5. Andika 3.15 au zaidi, yataisha. Asiyeweza kungoja apitishe -DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5 kwenye amri, lakini hicho ni kiraka.

#4 MwanaKikoba
#3, umeona kama uko nyuma yangu. Ni 2.8.12. Tulinakili mstari huo kutoka mradi mwingine bila kuuliza. Nimebadilisha, asante.

#5 BintiMakunduchi
Hamjambo. Mmerukia CMake, na mimi lililonishtua ni ile -19,549,672.96. Hiyo ni hesabu ya watu wanaodunduliza kila Jumamosi, tuitazame kwanza.

Kaka, unahifadhi pesa kwa senti? Na aina ya kigezo ni `long`, ya nambari nzima? Kama ndivyo, chukua -19,549,672.96 ujumlishe 42,949,672.96. Unapata 23,400,000.00 kamili. Hiyo 42,949,672.96 ni 2 kwa kipeo cha 32, ikigawanywa kwa 100. Kwenye Windows ya biti 64 `long` ni baiti 4. Kwenye Linux na Mac za biti 64 ni baiti 8. Kikundi chochote kikivuka shilingi 21,474,836.47 kwenye Windows, salio linageuka hasi. Makefile wala CMake hazihusiki hapo.

#6 MwanaKikoba
Dada, nimejaribu kwa kikokotoo mara tatu. Ndivyo, ni senti na ni `long`. Nimeishiwa maneno.

#7 Nyota_ya_Kigoma
Nimsahihishe kidogo #5, kwa heshima. Linux si lazima iwe baiti 8. Nina Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 32, pale `long` ni baiti 4 pia. Kinachoamua ni mfumo pamoja na prosesa, kwa hiyo usiandike "kama ni Windows fanya hivi". Tumia int64_t, na ukiingiza SQLite hakikisha ni sqlite3_bind_int64 na si sqlite3_bind_int. Ukibadilisha aina ya kigezo na kusahau hapo, nambari itakatwa wakati wa kuhifadhi.

#8 Mzee_wa_Makefile
Vijana, nasoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. #5 anasema ujenzi hauhusiki. Unahusika sana. Hii ndiyo sababu ya kuwepo kwa Autoconf tangu 1991. Zamani Unix zilikuwa nyingi na kila moja na tabia zake, ndipo David MacKenzie akaanza kuandika zana inayotengeneza skripti ya `configure`. Skripti hiyo haiulizi "wewe ni nani?", inauliza "unaweza nini?". Inaandika programu ndogo, inaikompaili, inaona kama imekubali, inaandika jibu kwenye config.h. Ukubwa wa `long` ni moja ya maswali ya kawaida kabisa, AC_CHECK_SIZEOF. Kama mradi wa kijana huyu ungeuliza swali hilo wakati wa kusanidi, salio lisingegeuka.

Na mtumiaji hahitaji kuwa na Autoconf kwake. Anahitaji shell, yaani kisoma amri cha Unix, na make tu. CMake lazima uisakinishe kwanza.

#9 Kaskazini_254
Mzee wetu, shikamoo. Lakini huyo mtumiaji wa Windows shell anaitoa wapi? Atasakinisha MSYS2 nzima, yaani zana za Unix kwa Windows, ili aendeshe `configure`. Kwa bando la hapa kwetu hiyo ni chakula cha siku mbili.

#10 Mzee_wa_Makefile
Marahaba. Hapo umenishika, Windows ndiyo iliyotuacha njiani. Hata hivyo nasimama kwenye hoja: kuuliza uwezo ni bora kuliko kuuliza jina.

#11 BintiMakunduchi
Mzee, shikamoo. Hoja ya kuuliza uwezo naikubali, ila kwa kisa hiki hata kuuliza hakuhitajiki. int64_t iko kwenye kiwango cha C tangu 1999, na C++ tangu 2011. Visual Studio ina stdint.h tangu toleo la 2010. Ukitumia aina yenye upana maalumu, swali la ukubwa linakufa lenyewe. Usanidi mzuri kuliko wote ni ule ambao kodi haiuhitaji.

#12 Kodi_na_Kahawa
Binafsi naona nyote mnahangaika na mambo ya kale. Weka kontena, yaani boksi lenye mfumo na zana zake zote. Docker moja, kila mtu anajenga ndani yake, hakuna tofauti tena.

#13 Fundi_wa_Kinondoni
Kontena la Linux linakupa programu ya Linux. Mama wa kikoba mwenye Windows atabofya nini? Ndani ya kontena unaweza kuweka MinGW-w64, kompaila ya kutoa programu za Windows, ukatoa .exe, sawa, lakini hapo kazi imefanywa na MinGW. Na Mac hujaigusa.

#14 Kodi_na_Kahawa
Kweli #13. Basi `zig cc`. Ni kompaila ya C ndani ya zana za lugha ya Zig, unaiambia -target x86_64-windows-gnu ukiwa Linux na inatoa .exe bila kusakinisha kingine. Nimeitumia kwa programu ya kusoma vipimo vya maji na ilinitosha.

#15 Mashua_ya_Maskati
Salaam kutoka Maskati. Mimi nataka kuongea juu ya Mac, maana hilo hakuna aliyeligusa.

MwanaKikoba, macOS inakuja na SQLite yake, na hiyo imejengwa bila uwezo wa kupakia viendelezi. Mchangiaji wako nadhani amesakinisha SQLite nyingine kwa Homebrew, kisakinishi cha programu za Mac. Homebrew haiiweki kwenye njia ya kawaida, kwa sababu mfumo unayo tayari. Sasa kompaila inachukua heda (faili za matangazo ya maktaba) za Homebrew, zenye sqlite3_load_extension, halafu kiunganishi kinachukua maktaba ya mfumo, isiyo nayo. Mwambie afungue CMakeCache.txt, atazame njia ya heda na njia ya maktaba. Utakuta zinatoka nyumba mbili.

Na kama Mac yake ni ya prosesa za Apple, Homebrew iko /opt/homebrew. Za Intel iko /usr/local. Akipitisha CMAKE_PREFIX_PATH sahihi na kufuta folda ya ujenzi aanze upya, itapita. Kufuta ni lazima, kumbukumbu ya CMakeCache haibadiliki kwa hiari.

#16 MwanaKikoba
#15, amenijibu sasa hivi. Heda kutoka /opt/homebrew, maktaba ya mfumo. Kama ulivyosema.

Ila hiki ndicho kinachoniumiza. Hiyo njia ya /opt/homebrew tukiiandika kwenye CMakeLists.txt, mwenye Mac ya Intel ataumia. Tukiiacha, kila mgeni ataumia.

#17 Kaskazini_254
Usiiandike kwenye CMakeLists.txt hata siku moja. Kuna CMakePresets.json tangu CMake 3.19. Mnaweka mpangilio wa pamoja humo: "linux", "mac", "windows". Vya mtu binafsi anaweka kwenye CMakeUserPresets.json, na faili hilo halipandishwi kwenye ghala la pamoja la kodi, Git. Kinachohusu mradi kikae kwenye mradi, kinachohusu kompyuta yangu kikae kwangu.

#18 Nyota_ya_Kigoma
Au aondoe swali lote. SQLite inatolewa kama faili moja, sqlite3.c, lenye mistari zaidi ya laki mbili, na ni mali ya umma. Tia ndani ya mradi, jenga pamoja na kodi yako. Hakuna kutafuta maktaba Mac, wala Windows, wala popote. Na hakuna kupakua kitu.

#19 Mashua_ya_Maskati
Hapo sikubaliani. Ukibeba nakala yako, kasoro ya usalama ikigunduliwa ni juu yako kuisasisha. Ndiyo maana Debian, wasambazaji wa Linux, hawapendi nakala za maktaba ndani ya miradi. Ikiwa kwenye mfumo, inasasishwa mara moja kwa programu zote.

#20 Nyota_ya_Kigoma
Debian wana jopo la watu wanaosasisha. Kompyuta ya mweka hazina wa kikoba haijasasishwa tangu inunuliwe, na Windows haina SQLite ya mfumo inayotarajiwa na kila programu. Hoja yako ni sahihi kwa Debian. Kwa watumiaji wa huyu ndugu sioni inavyowasaidia.

#21 Bando_Limekata
Naomba niongeze la bando. Kuna wanaopendekeza FetchContent ya CMake ivute maktaba yenyewe kutoka mtandaoni. Nzuri, lakini kila folda mpya ya ujenzi inavuta upya. Nilikuwa nafuta folda ya `build` mara kumi kwa siku nikitafuta kosa, na kila mara inapakua. GB 2 ziliisha kabla ya magharibi na kosa sijalipata.

Tangu hapo naweka FETCHCONTENT_BASE_DIR nje ya folda ya ujenzi, na nikiwa sina mtandao nawasha FETCHCONTENT_FULLY_DISCONNECTED. Pia tangu CMake 3.24 kuna FIND_PACKAGE_ARGS, inatafuta kwanza maktaba iliyopo kwenye kompyuta kabla ya kupakua. Tafadhali waandishi wa miradi huria mtufikirie.

#22 Kaskazini_254
#21, hii ya BASE_DIR sikuijua, na nimepoteza pesa nyingi sana kwa kutoijua. Shukrani.

#23 Meson_Daima
Nimechelewa. Hivi kwa nini hakuna aliyetaja Meson, zana nyingine ya ujenzi? CMake wenyewe walizaliwa kwa ajili ya KDE, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, ni zana ya kizamani iliyotiwa viraka. Hifadhidata ya PostgreSQL wameiacha Autoconf wakahamia Meson. systemd nao walihama 2017, QEMU 2020.

#24 Mzee_wa_Makefile
Kijana, tuseme ukweli wote. CMake ilianza Kitware mwaka 2000, kwa ajili ya ITK, maktaba ya picha za kitabibu iliyogharimiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. KDE waliikuta, wakaichukua kwa toleo lao la 4.

Na PostgreSQL hawajaiacha Autoconf. Toleo la 16 la 2023 waliongeza Meson kando yake. Kilichoondolewa, toleo la 17, ni skripti zao maalumu za Visual Studio.

#25 Meson_Daima
Nimesahihishwa, Mzee, nashukuru. Lakini ona jinsi mfano wako unavyonisaidia. Walikuwa na njia ya Unix na njia nyingine kabisa ya Windows, kama MwanaKikoba. Wakaona ni mzigo, wakaondoa ile ya Windows. Watu wenye wahandisi wengi kiasi hicho hawakutaka kubeba hali hiyo, sembuse mtu mmoja Morogoro.

#26 Bujumbura_Dev
Mimi ninaogopa Autoconf kwa sababu nyingine: xz, programu ya kubana faili, Machi 2024. Ule mlango wa siri uliingia kupitia faili la build-to-host.m4, lililokuwa kwenye kifurushi cha kupakua na halikuwemo kwenye Git. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Nani kati yetu anasoma m4, lugha inayotumiwa na Autoconf? Skripti ya `configure` ina maelfu ya mistari, tunaiendesha kwa kuamini tu. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu SSH, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, ilichelewa kama nusu sekunde.

#27 BintiMakunduchi
Ni kweli, ila usiilaumu Autoconf peke yake. Mradi huohuo ulikuwa na CMakeLists.txt, na humo mliwekwa nukta moja tu ndani ya kipande cha C kilichokuwa kinapima kama Landlock, kinga ya Linux, ipo. Nukta hiyo ilifanya kipimo kishindwe siku zote, na kinga ikazimika kimya.

Nami kisa hicho kinanigusa kwa sababu ya hoja ya Mzee. Kuuliza uwezo kwa kukompaili kuna ubaya huu: kipimo kikishindwa kwa sababu yoyote ile, hata kosa la kuandika, jibu ni "uwezo haupo" na ujenzi unaendelea. Uwezo wa lazima usimamishe ujenzi kwa sauti.

#28 Mzee_wa_Makefile
Hili nalipokea. Nitalifikiria.

#29 Kodi_na_Kahawa
Tumetoka nje kidogo: nyie mnasema "kujenga", wengine "kubildi", wengine "kukompaili". Kipi ni kipi?

#30 Fundi_wa_Kinondoni
Kukompaili ni faili moja moja, kujenga ni kazi nzima mpaka programu itoke. Kazini kwetu tunasema hivyo.

#31 Nyota_ya_Kigoma
Kwetu tunasema "pika". "Umeshapika toleo la Windows?" Kila mtu anaelewa.

#32 Kaskazini_254
Pika imenifurahisha, naihamishia Nairobi kesho asubuhi. Turudi kwa MwanaKikoba. Umeweka vipimo vya kiotomatiki? GitHub Actions kwa ripo za wazi ni bure, unaweka orodha ya ubuntu, macos na windows, kila badiliko linajengwa kote kutatu. Andika jaribio moja tu: weka shilingi milioni 30, soma salio.

#33 MwanaKikoba
Narudi na taarifa, wakuu. Nimefanya haya kwa siku nne.

Makefile na faili la Visual Studio nimefuta. Imebaki CMake peke yake. Pesa zote ni int64_t sasa, na jaribio la milioni 30 linapita Linux, Mac na Windows. sqlite3.c nimeitia ndani kama alivyosema #18, na dukuduku la #19 ninalo, nimeandika kwenye kalenda kuangalia toleo jipya kila mwezi. Bendera za maonyo, -Wall na -Wextra, zilikuwa zinatumwa kwa kila kompaila, na Visual Studio inaichukulia -Wall kuwa maonyo yote yaliyopo duniani. Sasa zinatumwa kwa kompaila za GCC na Clang tu. Nimeongeza .gitattributes yenye `*.sh text eol=lf`, maana mchangiaji wa Windows alikuwa anarudisha skripti zenye ^M, alama ya mwisho wa mstari ya Windows.

Kubwa zaidi, yule mweka hazina nilimpigia simu nikamweleza. Data ilikuwa imehifadhiwa vibaya kwa wiki tatu, tumeingiza upya kutoka kwenye karatasi. Hakunilaumu. Akasema ndiyo maana hawajatupa karatasi.

Limebaki moja. Toleo la Windows natoa kwa MinGW kutoka Ubuntu yangu. Kwenye kompyuta moja ya zamani ya kikundi cha Kilosa, ukibofya linafunguka na kufunga papo hapo, bila ujumbe.

#34 Bujumbura_Dev
DLL, faili za maktaba za Windows. MinGW inahitaji libstdc++-6.dll na wenzake. Unganisha kwa -static, maktaba ziingie ndani ya programu.

#35 Mashua_ya_Maskati
DLL ikikosekana Windows kwa kawaida huonyesha kidirisha. Hii imekufa kimya. Tazama antivairasi, programu isiyo na sahihi huzuiwa mara nyingi.

#36 Nyota_ya_Kigoma
MwanaKikoba, tafuta -march=native kwenye CMakeLists.txt. Hiyo inaiambia kompaila itumie kila amri ambayo prosesa ya mjengaji inaijua. Kompyuta ya zamani haizijui, programu inakufa. Nilileta programu yangu kwenye maabara ya shule moja ya sekondari, mashine 12, zikafunguka 3. Kwenye Linux ungeona "Illegal instruction", kwenye Windows mara nyingi huoni kitu.

#37 MwanaKikoba
Ipo. Mstari wa 41. Aliiongeza mtu mwaka jana akaandika "kuongeza kasi".

#38 Fundi_wa_Kinondoni
Kuwepo kwake hakuthibitishi ndiyo sababu. Huenda pia Windows yenyewe ni ya zamani kuliko MinGW yako inavyotarajia. Usibadilishe mambo matatu kwa mpigo, hutajua lipi lilitibu.

#39 Mzee_wa_Makefile
Na kwa upande wa Linux, kumbuka glibc, maktaba ya msingi ya C. Ukijengea Ubuntu 24.04, mwenye 20.04 ataambiwa GLIBC_2.34 haipo. Pikia kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayokusudia kuihudumia.

#40 Kaskazini_254
Mzee umesema "pikia"!

#41 MwanaKikoba
Jumamosi kikundi cha Kilosa kinakutana, nitapanda basi la asubuhi. Nabeba matoleo matatu kwenye flashi: moja bila -march=native, moja lenye -static tu, moja lenye marekebisho yote mawili. Nitaanza na la kwanza.

#42 BintiMakunduchi
Ukifika, kabla hujabofya chochote andika jina la prosesa na toleo la Windows, biti 32 au 64, ulete hapa. Na ukumbuke kumwonyesha mweka hazina salio likiwa sahihi.